Shafti Ndefu na Mshahara Unaokatwa



Kwa muda sasa malalamiko yanayoletwa mezani kwetu kutoka karakana za Buxton na za upande wa Mji wa Kale yamekuwa ya namna moja. Fundi wa lethi apewa chuma kirefu chembamba akikereze, na mara nyingi ni shafti ya rafadha ya mashua ya uvuvi. Chuma chatoka kimeharibika. Tajiri akasirika, na mwisho wa mwezi fundi afungua bahasha aona bei ya chuma imekatwa. Wako waliokatwa mara mbili kabla ya kutufikia, kwa sababu waliona haya. Mtu aliyeitwa fundi miaka kumi na zaidi haoni raha kuja kwa katibu kusema kuwa ameharibu kazi.

Msimamo wetu tutausema wazi. Chuma kirefu kinachokerezwa bila kushikiliwa katikati huharibika hata mkononi mwa fundi bora wa Mombasa, na hasara ya kukosa kishikilio si deni la mfanya kazi. Lakini tukisema hivyo tutasema na sisi mafundi vilevile, maana si kila shafti iliyoharibika iliharibiwa na tajiri.

Tuchukue mambo ya karakana moja hapa Buxton, ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa shauri lake bado linazungumzwa. Fundi aliletewa chuma cha unene wa milimita 28 akipunguze hadi 25, urefu wa milimita 900. Mashine ni ndogo, kitanda chake chachukua mita moja na kidogo. Ina chaki (ile ya kubana chuma, si ya kuandikia ubao), ina teilstoki nyuma yenye senta, na basi. Stedi hapana. Fundi aliuliza stedi iko wapi akaambiwa kuwa mashine ilinunuliwa hivyo hivyo. Akakereza siku nzima. Penye ncha mbili shafti ikawa 25 sawasawa. Katikati ikawa 25 na theluthi moja ya milimita. Mwenye mashua akaja na beringi yake, ikaingia penye ncha, ikakwama njiani. Hapo fundi akajaribu kulirekebisha tumbo lile kwa kupitisha kisu tena pale katikati, na kila alipopitisha, chuma kilitetemeka kikalia na kuacha mistari kama ngozi ya mamba. Jioni ilikuwa takataka.

Tajiri alisema, "Huyu hajui kupima." Sisi tulikwenda na maikromita tukapima wenyewe. Alijua sana kupima.

Sababu yenyewe si siri. Chuma tunakiona kigumu, lakini kirefu hupinda kama ufito. Chukua chuma cha milimita 25, kibane kwenye chaki, kiache kitoke nje milimita 900 bila kushikwa ncha ya pili. Tundika uzito wa kilo 10 penye ncha ile: itashuka zaidi ya milimita 6. Sasa ishike ncha kwa senta ya teilstoki, na uzito uleule uuweke katikati. Chuma kitapinda kama milimita 0.17 tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na chaki peke yake haishiki shafti.

Lakini tusishangilie bado. Kisu cha lethi nacho husukuma chuma, na msukumo wa kilo 10 si jambo la ajabu kwa kisu kilichochoka makali. Chuma kikikimbia kisu kwa milimita 0.17, hiyo 0.17 hubaki bila kukatwa; na kwa kuwa chuma kinazunguka, hubaki pande zote mbili, ndiyo kusema unene wazidi kwa 0.34. Penye chaki na penye senta hakikimbii, kwa sababu hapo kimeshikwa. Basi shafti hutoka nene katikati na sawa penye ncha, mfano wa pipa. Ndiyo ile theluthi ya milimita iliyomkatisha mshahara mwenzetu.

Hesabu ya kupinda ni kali kuliko watu wanavyodhani. Urefu ukizidi mara mbili, kupinda hakuzidi mara mbili, huzidi mara 8. Unene ukipungua nusu, kupinda huzidi mara 16. Kwa hiyo tajiri anayesema, "Juzi ulikereza kipande kama hiki kikawa kizuri," yafaa aulizwe kipande cha juzi kilikuwa na urefu gani. Mafundi wana kanuni ya mkono, nayo ni nzuri: chuma kikitoka chakini zaidi ya mara tatu ya unene wake, tia senta, urefu ukipita mara kumi au kumi na mbili ya unene, tia stedi. Shafti ya milimita 900 kwa 25 ni mara 36. Imepita mpaka wa stedi mara tatu. Hapo hakuna ubingwa wa mkono utakaoiokoa isipokuwa mtu akwangue nyuzi nyembamba kwa kisu kikali siku mbili, na hakuna tajiri anayempa fundi siku mbili.

Na jambo hili si geni mjini kwetu. Waliokereza miguu ya vitanda na viti katika Mji wa Kale, ambao neno hili la kukereza tumelirithi kwao, waliushika mti kwa ncha zote mbili kabla ya kuutia patasi. Mtoto wa kazi alijifunza hilo mwanzo.

Wanachama wanaotumwa kusikiliza mashauri ya namna hii wametuuliza: tutajuaje kosa ni la nani? Jibu letu ni kwamba chuma chenyewe ni shahidi. Kipimwe kwa maikromita mahali pasipopungua patatu, penye chaki, katikati, na penye senta, na vipimo viandikwe mbele ya tajiri. Shafti ikiwa nene katikati na sawa penye ncha, imekimbia kisu. Kilichokosekana ni stedi. Ikiwa inanenepa kidogo kidogo kutoka ncha moja hadi nyingine kwa mstari mmoja, teilstoki haikukaa sawa na chaki, na hilo fundi ni wajibu wake kulikagua kabla ya kuanza, isipokuwa kitanda cha mashine kimelika kwa uzee. Ikiwa chuma kilishikwa na chaki tu na ncha iliyo huru ndiyo nene, hakukutiwa senta. Aulizwe fundi kwa nini. Ikiwa ni nyembamba sawasawa kote, basi mkono ulisoma kipimo vibaya, na hapo chama hakitasema uongo kumtetea mtu. Na ikiwa ilikuwa sawa mashineni lakini ikapinda baada ya kutolewa na kupoa, huenda chuma kilikuja na mkazo wake ndani tangu kiwandani, kama vile vyuma vilivyovutwa baridi vilivyo. Ukiondoa ngozi ya juu, mkazo hufunguka na chuma hujikunja. Huyo si fundi wala si tajiri.

Tulitaka kuchora picha za maumbo hayo hapa, lakini mashine yetu ya kurudufu hugeuza kila picha kuwa doa la wino. Msomaji ajichoree kichwani.

Liko na jambo la joto, ambalo watu wa Pwani tungelijua kuliko wengine lakini twalisahau. Chuma kikikatwa hupata moto, na kikipata moto hurefuka. Shafti ya milimita 900 ikipanda joto kwa digrii 40 hurefuka kama milimita 0.4, na ya chuma kisichoshika kutu, ile ya kawaida, hurefuka 0.6. Ikiwa senta imekazwa mbele na chaki imebana nyuma, shafti haina pa kwenda isipokuwa kupinda kati. Kwa hiyo fundi asimame mara kwa mara, ailegeze senta nusu ya nafasi, aikaze tena kwa wepesi. Ambaye senta yake haizunguki na chuma asisahau grisi, maana senta iliyokauka huungua ncha, na ncha ikiungua kazi nzima huhama.

Sasa stedi yenyewe. Ziko mbili. Moja hufungwa juu ya kitanda cha mashine ikakaa pale pale, nayo ina vidole vitatu vinavyoizunguka shafti. Ya pili hufungwa kwenye gari linalobeba kisu, hufuatana nacho na kukaa nyuma yake, ili chuma kisiruke wala kukimbia pale panapokatwa. Kwa shafti nyembamba ya unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hii ya kufuata ndiyo bora. Kwa kuchonga ncha au kukata hesi mwisho wa shafti, ile ya kukaa yatosha. Ikitiwa katikati huugawa urefu kuwa nusu mbili, na tumeshaona hesabu: nusu ya urefu ni kupinda kwa sehemu moja ya nane hivi. Pipa la theluthi ya milimita lingekuwa unywele.

Kuitia kwataka utulivu. Usilete vidole juu ya chuma kichafu chenye kutu au chenye pembe. Kereza kwanza ukanda mfupi ulio laini, kwa kisu kikali na mikato myepesi, kisha vidole vikae juu yake. Viguse, visisukume. Weka saa ya kupimia upande wa pili, uilete ncha ya kidole mpaka mshale utikisike, urudi nyuma kidogo. Fundi anayevikaza vidole kwa nguvu huisukuma shafti nje ya mstari, na matokeo yake ni shafti yenye kiuno, ambayo ni mbaya kuliko pipa. Vidole vya shaba na mafuta ya kutosha havichubui. Na kisu kiwe kikali, pua yake ndogo, ukingo wake ukaribie kusimama wima kwa shafti, ili msukumo uelekee kwenye chaki badala ya kulisukuma tumbo la chuma. Kisu cha pua pana kinachong'arisha vizuri kipande kifupi ndicho kinachoifanya shafti ndefu ilie.

Matajiri watuambia stedi ni ghali na ya kuagiza. Hatukatai kuwa karakana nyingi hapa ni ndogo, na mwenyewe mara nyingi ni fundi kama sisi, naye avaa ovaroli iliyochakaa kama zetu. Mwanachama mmoja alipendekeza karakana za Buxton zichange zinunue stedi moja ya kuazimana. Wazo zuri, lakini halitafanya kazi, kwa sababu kila mashine ina kimo chake na kitanda chake. Stedi ya moja haikai juu ya nyingine. Lakini twajua jambo la bei nafuu, na linalofanyika kwa mchana mmoja. Chukua gogo la mti mgumu uliokauka, mvule au mbambakofi, lichongwe likae imara juu ya kitanda na lifungwe kwa bolti na bamba chini. Tia keekee kwenye chaki, usukume gogo kwenye keekee kwa teilstoki, nayo mashine yenyewe itatoboa tundu kwenye mstari wake hasa, wala hakuna haja ya kupima kimo. Lipasue gogo katikati ya tundu, lipate nusu ya juu na ya chini, uzifunge kwa bolti mbili. Tia grisi. Hiyo ni stedi. Haitadumu kama ya chuma, tundu litapanuka na kila unene wataka tundu lake, lakini mbao ni mbao, na haimkati mtu mshahara.

Tajiri asiyeweza kununua stedi wala kutoa kipande cha mbao na mchana mmoja, huyo si maskini, ni mkaidi.

Hatujamaliza, kwa kuwa liko lililo baya kuliko kukatwa mshahara. Shafti ikiwa ndefu kuliko kitanda, mafundi huipitisha ndani ya tundu la kichwa cha mashine, ikatokeza nyuma. Mashine nyingi ndogo zina tundu jembamba, kwa hiyo kinachopita humo ni chembamba vilevile, na ndicho kinachopinda upesi. Mwanachama mmoja alitusimulia: chuma kilitokeza nyuma zaidi ya urefu wa mkono, hakikushikwa na kitu. Kwa mwendo wa polepole kilizunguka kikiyumba kidogo tu. Akabadilisha gia akaenda kasi. Mara ile chuma kikajikunja kama fimbo, kikaanza kupiga hewa na ukuta, na mvulana wa kufagia alikuwa ametoka pale nyuma dakika hiyo hiyo kwenda kuleta maji. Fundi aliikata swichi. Hakuna aliyeumia, na tajiri alilalamikia lipu ya ukuta.

Watu husema chuma "kilipata wazimu." Hakikupata wazimu. Hakuna chuma kilichonyooka kabisa. Kikizunguka, upande mzito huvuta nje, na kasi ikizidi mara mbili mvuto huo huzidi mara nne. Kikishapinda kidogo, uzito umekwenda mbali zaidi na katikati, basi mvuto waongezeka, nacho chapinda zaidi, na yote ni chini ya kufumba na kufumbua. Hatari hii ilijulikana zamani hata Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937 iliitaja waziwazi, kwamba chuma kinachotokeza nyuma ya kichwa cha lethi kizungushiwe kinga. Kwetu Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi aweke mashine na taratibu zilizo salama, azikinge sehemu za hatari, na awafunze watu wake. Bomba imara lililofungwa juu ya kigingi kizito, chuma kikapita ndani yake, latosha kuanzia. Na kama chaweza kukatwa kifupi kabla ya kukerezwa, kikatwe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ya mali iliyo mikononi mwake, lakini kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Neno ni makusudi. Fundi aliyeomba stedi akanyimwa, akakereza kwa amri, chuma kikampinda, kusudi lake ni lipi? Na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara, hata kama yana haki. Wengi wa wanachama wetu hawakuwa na habari ya mambo hayo mawili, na twakiri kuwa kosa hilo ni letu pia, kwa kuwa tulikuwa hatujayaandika hapa.

Upande wetu sasa. Wako mafundi wanaoona aibu kutia stedi mbele ya wanafunzi, kana kwamba ni magongo ya kiwete. Wako wenye stedi iliyolala chini ya meza na kutu, kwa sababu kuitia kwachukua nusu saa na wao walipwa kwa kipande. Wako wanaozungusha karatasi ya msasa kwa mkono juu ya shafti inayozunguka, na mikono ya shati haijakunjwa. Au wamevaa glavu, ambayo mashine huipenda sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na fundi vivyo hivyo. Wanafunzi wanaotoka chuo kile cha Tudor, jirani zetu, kilichoanza kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu na tangu mwaka 1972 kikaitwa Politekniki, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, huja karakanani wakiuliza stedi iko wapi, na mzee awajibu, "Hapa si shuleni." Mzee huyo amekwisha kumpa tajiri jawabu la bure.

Basi kuanzia sasa, mwanachama akipewa chuma ambacho urefu wake wapita mara kumi ya unene, aandike katika kijitabu chake cha kazi kabla ya kuwasha mashine: urefu, unene, kasi, na kama stedi ipo au haipo. Amwombe msimamizi atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, aandike kuwa amekataa na saa ngapi. Chuma kinachotokeza nyuma bila kinga kisiwashiwe mashine, na habari apewe msimamizi papo hapo. Sheria ile ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi aitoe habari ya hatari, basi asidhani anafanya ukaidi. Shafti ikiharibika, isitupwe wala isikatwe vipande mpaka imepimwa mahali patatu mbele ya watu wawili.

Waliokwisha kukatwa walete karatasi za mshahara kwa katibu, pamoja na shafti yenyewe kama bado ipo. Wenzetu wa Mji wa Kale ambao hawawezi kufika siku za kazi, mjumbe wao atazipokea. Na mwenye mbao ya mvule isiyo na kazi, inchi nne kwa sita au zaidi, twaiomba. Tumepata mzee wa kutuonyesha namna ya kutengeneza stedi ya kwanza.